Mashine Iliyotuamkia

Jina la nchi yetu silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu limepelekwa kufanyiwa ukarabati na halitakuwa tayari kabla ya uchaguzi. Itoshe kusema ni nchi yenye milima miwili, mto mmoja, mawaziri sitini na watu wenye adabu. Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka hutucheka kwa sababu ya adabu hiyo, lakini wao wenyewe hawana, kwa hiyo kicheko chao hatukitilii maanani.

Adabu yenyewe ni hii. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Akikuuliza za nyumbani, unajibu hawajambo. Watoto? Wazima. Kazi? Salama. Za tangu juzi? Njema tu. Mkishamalizana na heshima, ndipo unasema, "Ila nyumba imeungua." Au, "Ila baba tumemzika jana." Mwendawazimu peke yake ndiye anayeanza na nyumba iliyoungua. Kwetu sisi njaa, msiba na maradhi vyote hukaa nyuma ya hilo neno "ila", na mtu aliyelelewa vizuri anajua kulingoja mpaka lifike.

Nayaeleza haya mapema ili wageni wasituone wajinga kuliko tulivyo.

*

Zamani, kabla ya maendeleo, mgonjwa akifika Hospitali Kuu alipewa dodoso. Lilikuwa na maswali mia mbili, zawadi ya wafadhili, na kila mtu aliyajibu yote, awe ameng'atwa na nyoka au amekuja kutolewa nyuzi za kidonda. Je, wiki hii umeweza kufunga vifungo vya shati lako? Je, umeweza kupanda ngazi? Je, umewahi kujiona huna thamani? Hapo wengi walijibu ndiyo, maana walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Wapo waliopona wakiwa katikati ya dodoso, wakaondoka bila kuaga. Wapo waliokata roho wakiwa wamebakiza ukurasa mmoja, na makarani waliwalaumu sana, kwani dodoso lisilokamilika lilikuwa halipokelewi.

Ndipo akarudi kutoka masomoni mtaalamu mmoja kijana, Bi Saumu Kingwande, akiwa na mashine. Mashine yake ilikuwa na akili. Haikumuuliza kila mtu kila kitu. Ilianza na swali la katikati. Ukisema umeshindwa kutembea hadi mlangoni, haikuhangaika kukuuliza kama unacheza mpira, bali ilishuka ikakuuliza kama unaweza kujigeuza kitandani. Ukisema unatembea vizuri, ilipanda ikakuuliza kuhusu ngazi na ndoo za maji. Kila jibu lilichagua swali linalofuata, na ikishatosheka kwamba imekujua, ilinyamaza. Maswali mia mbili yakawa kumi, pengine sita. Wagonjwa wa majaribio walimfikia daktari wakiwa hai, jambo lililowashangaza wao na daktari mwenyewe.

Ilikuwa kitu kizuri ile mashine. Nimeusema ukweli huu mara moja, sasa niendelee na serikali.

*

Mashine ilizinduliwa na Mheshimiwa Tambarare, Waziri wa Uzima. Wizara yake zamani iliitwa ya Afya, ikabadilishwa jina baada ya kugundulika kwamba neno afya huwakumbusha watu kuumwa. Alifika na bendi, akakata utepe, akasimama mbele ya kioo cha mashine huku kamera zikimwelekea. Mashine ikamuuliza, kama ilivyofundishwa: "Je, maumivu yamekuzuia kufanya kazi zako wiki hii?"

Waziri akarudi nyuma hatua nzima.

"Hii mashine imelelewa wapi?" aliuliza.

"Mheshimiwa, hilo ni swali la kuanzia," alisema Bi Saumu. "Tumelipima, ndilo linalotupa taarifa nyingi zaidi kwa—"

"Hata hodi? Hata kunijulia hali? Mtu mzima nimesimama hapa na suti yangu, inaniingia tumboni moja kwa moja kama minyoo?"

Wasaidizi wake wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja alitoa kitambaa akajifuta jicho.

Ikaamriwa kwamba mashine ya serikali haiwezi kumhoji raia kabla ya kumwamkia. Bi Saumu, ambaye alikuwa mtu wa kupatana, alikubali. Alisema hakuna neno, mashine itaamkia, ila yale majibu ya salamu yasihesabiwe kwenye kipimo.

"Yasihesabiwe?" Waziri alishika kifua. "Yaani mwananchi afunue kinywa chake, aijibu serikali yake, halafu serikali ilitupe jibu lake jalalani? Demokrasia ya wapi hiyo, binti yangu? Swali ni swali na jibu ni jibu."

"Lakini Mheshimiwa, watu wetu wakiulizwa habari watajibu nzuri. Wote. Hata anayekata roho. Mashine itatosheka, itanyamaza kabla haijamuuliza lolote la maana."

"Ikitosheka kuna ubaya gani? Mimi ninataka mashine inayotosheka. Watumishi wasiotosheka ninao tele."

Wiki ileile Bi Saumu alihamishiwa Idara ya Uvuvi, katika mkoa ambao mto wetu haujawahi kufika. Salamu zikawekwa mbele, zikahesabiwa. Sauti ya mashine ikatolewa kwa mdogo wa mke wa Waziri, binti mwenye sauti laini ambaye alikuwa amekosa kazi kwa sababu nyingine zote. Ndiyo maana watu wakaiita ile mashine Shemeji.

*

Utaratibu ulikuwa mwepesi, mtoto angeuelewa. Unafika langoni, unasimama mbele ya Shemeji. Anakuuliza, "Habari yako?" Unabonyeza: nzuri sana, nzuri, nzuri kiasi, mbaya, au mbaya sana. Anakuuliza za nyumbani. Anakuuliza za kazi. Halafu anatoa kikaratasi. Kikiwa cheupe, wewe ni mzima, rudi kwako ukajenge taifa. Kikiwa cha njano, panda ghorofani kwa daktari. Juu ya Shemeji paliandikwa kwa herufi kubwa: TUNASIKILIZA SAUTI YA MGONJWA.

Mwezi wa kwanza vilitoka vikaratasi vyeupe tu.

Niliyaona kwa macho yangu, maana duka langu la kukarabati redio limetazamana na lango hilo. Nilimwona mtu aliyebebwa mgongoni na kaka yake, mguu umevunjika umekaa upande, anaulizwa habari, ananyoosha kidole anabonyeza nzuri, anashukuru, anabebwa kurudi. Nilimwona mama mjamzito akibonyeza nzuri huku ameuma kanga yake kwa meno. Alijifungua kando ya kibanda cha mlinzi, na mlinzi alimkaripia kwa kuleta raia wa pili bila foleni. Hakuna aliyelazimishwa. Vidole vyao vilikwenda vyenyewe, kama mkono wako unavyokwenda kichwani ukipita chini ya mlango mfupi. Walipojaribu kuongeza "ila", Shemeji alikuwa ameshamkaribisha anayefuata.

Wizara ilitangaza kwamba maradhi yamekwisha nchini. Gazeti lilipamba ukurasa wa kwanza kwa picha ya wodi tupu. Vitanda viliuzwa kwa mnada, kwa maelezo kwamba mzima akipita karibu na kitanda anaweza kupata mawazo ya kuumwa. Niliusoma mstari huo mara mbili, nikalikunja gazeti kama raia mwema.

*

Sasa nifike kwa Mwalimu.

Mwalimu Sikudhani alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akiishi na binti yake Zawena ambaye ni fundi cherehani. Nusu ya mji huu alitufundisha yeye darasa la kwanza, mimi nikiwemo, na Mheshimiwa Tambarare akiwemo pia. Somo lake la kwanza, kabla ya herufi na namba, lilikuwa maamkizi. Mtoto aliyejibu salamu kwa kununa alitolewa nje, akaanza tena kupiga hodi, mpaka ajibu kama mtoto wa watu. Kwa umri wangu huu bado nilikuwa nikimwona navua kofia.

Tumbo lilianza kumvimba upande mmoja wakati wa mvua. Alisema ni gesi. Baadaye akakonda mabega, tumbo likabaki. Baadaye akaanza kutapika, na siku moja Zawena akaona damu kwenye beseni.

"Mama, leo twende hospitali."

"Tukamsumbue nani? Kidogo tu hiki."

"Mama, hii ni damu."

Wakaenda. Mimi niliwaona nikiwa dukani, nikavuka barabara nikawafuata, maana Zawena alikuwa anamshika mama yake kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono wa pili.

"Habari yako?" akauliza Shemeji kwa sauti yake ya asali.

Mwalimu akanyoosha mgongo. "Nzuri, binti yangu," akasema, akabonyeza nzuri. "Sijui za kwako."

"Habari za nyumbani?"

"Mama, bonyeza mbaya!" Zawena alimnong'oneza. "Bonyeza hicho cha huku!"

Mwalimu akamgeukia kwa macho yale ambayo sote tunayajua. "Mtu ananiamkia, mimi nimtukane? Nyumbani hawajambo, binti yangu. Na kazi tunashukuru, nimestaafu."

Akabonyeza, akabonyeza. "Ila nina—" akaanza.

"Asante. Wewe ni mzima," alisema Shemeji, na kikaratasi cheupe kikatoka. "Anayefuata."

Zawena alijaribu kurudi abonyeze yeye kwa niaba ya mama yake. Shemeji akamwambia kwamba serikali husikiliza sauti ya mgonjwa mwenyewe, si ya jamaa zake. Yaani huyu binti aliyemshika mama yake akitapika hakuwa na sauti.

*

Tulipanda ghorofani hata hivyo. Mlinzi alikuwa amelala. Daktari Machano tulimkuta ofisini kwake anacheza karata peke yake, na nilipochungulia niliona anajiibia. Alikuwa hajamgusa mgonjwa tangu Shemeji afike. Alipomwona Mwalimu alisimama, maana naye alipita darasa lilelile. Akalitazama lile tumbo, na uso wake ukabadilika.

"Unaliona, Daktari?" Zawena aliuliza.

"Ninaliona. Macho ninayo." Akaketi. "Lakini sera ya sasa, daktari hatakiwi kuona. Zamani tulikuwa tunawaona wagonjwa tu, tunawaamulia. Ilikuwa dharau. Sasa tunasikiliza sauti yao."

"Basi msikilize! Si huyu hapa amekaa mbele yako?"

Daktari akakohoa, akajiweka sawa. "Shikamoo, Mwalimu. Habari yako?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, tunamshukuru Mungu. Za kwako?"

"Nzuri, Mwalimu."

"Ila—"

Daktari aliruka akaziba masikio yake kwa mikono yote miwili. "Usimalizie! Tafadhali, Mwalimu wangu, usimalizie! Nikisikia bila kikaratasi cha njano nitafukuzwa kazi. Nina watoto wanasoma."

Alitusindikiza mpaka kwenye ngazi akiwa bado ameziba masikio, anasukuma mlango kwa kiwiko. Nilitaka kumtemea mate. Niliyateremsha mate yangu chini pamoja na mimi, nikayatema barabarani.

*

Tumaini lililetwa na mlevi. Bwana Chepe wa mtaani kwetu ni mtu asiye na adabu hata chembe, wala hajawahi kudai anayo. Alikwenda hospitali na jipu kwapani. Shemeji alipomuuliza habari, Chepe alibonyeza mbaya sana, kisha akaeleza kwa mdomo ni mbaya kiasi gani, na akatukana hadi shangazi wa mtu. Shemeji hakutosheka. Halafu, kwa mara ya kwanza, akauliza maswali yaliyomleta duniani: unaumwa wapi, umelala vipi, unaweza kuinua mkono? Maswali sita tu. Kikaratasi cha njano kikatoka. Daktari Machano alilipasua jipu lile huku analia kwa furaha, na Chepe akatoka amefungwa bendeji safi, anaimba.

"Kumbe inafanya kazi!" Zawena alisema. "Mama, neno moja tu. Ukilisema neno moja, itakuuliza yote."

"Neno lenyewe mnalijua lilivyo," alisema Mwalimu.

Tukaamua kumfundisha. Jioni tulikaa uani kwao, mimi, Zawena na jirani mmoja wawili, tunamwamkia kwa zamu. Nimeona mambo mengi katika nchi hii, lakini sijawahi kuona jambo zito kama lile. Mwanamke aliyetufundisha kusema nzuri, sisi tunamfundisha kusema mbaya.

"Habari yako, Mwalimu?"

"Mmm..." Midomo yake ilikutana, jasho likamtoka. "Mmm... mwanangu, nzuri tu."

"Tena. Habari yako, Mwalimu?"

"Nzuri. Nimekosea. Nisamehe."

"Mama, unakufa," alisema Zawena. Hakupaza sauti. "Unakufa kwa ajili ya salamu, na mimi ndiye nitakayebaki."

Mwalimu alimgeukia binti yake. Kisha akasema, "Niamkie wewe."

"Shikamoo mama. Habari yako?"

"Mbaya," alisema Mwalimu Sikudhani. "Mbaya, mwanangu. Naumwa. Naumwa sana, silali."

Akajifunika uso kwa kanga, akaomba maji asukutue kinywa.

*

Lakini serikali nayo haikuwa imelala. Kikaratasi kimoja cha njano kilikuwa kimeharibu wastani wa taifa. Kamati iliundwa, ikakaa hotelini, ikatoa matokeo. Kwanza, Bwana Chepe si mgonjwa bali ni hitilafu ya kipimo. Pili, kwa kuwa yale maswali mengine hayajawahi kufikiwa na raia mwenye akili timamu, hayana kazi, yafutwe. Tatu, kwa kuwa jibu la zile salamu linajulikana kabla ya kutolewa, ni kumchosha mwananchi bure kumuuliza. Shemeji sasa amewajua watu wake. Asiulize chochote.

Tulifika asubuhi, Mwalimu katikati yetu, midomo yake inacheza, analirudia lile neno asije akalipoteza njiani. Alisimama mbele ya mashine. Vitufe vilikuwa vimeng'olewa, mashimo yake yamezibwa kwa plasta yenye rangi za bendera.

"Mbaya," alisema Mwalimu kabla hajaulizwa. "Hali yangu ni mbaya."

"Karibu, Mwalimu Sikudhani," alisema Shemeji. "Wewe ni mzima. Hongera! Wewe ni mzima wa milioni moja."

Tarumbeta ndogo ikalia ndani ya mashine. Mlinzi akakimbia kutoka kibandani, safari hii akiwa na shada la maua ya plastiki.

*

Sherehe ilifanyika Jumamosi katika iliyokuwa wodi ya wanawake, ambayo sasa ni Ukumbi wa Uzima. Wafadhili walikuja na tuzo ya dodoso fupi kuliko yote duniani. Zawena hakutaka mama yake aende. Mwalimu alisema atakwenda, maana Waziri atakuwepo, na Waziri ni mwanafunzi wake, na mwanafunzi akiambiwa jambo na mwalimu wake uso kwa uso hawezi kuziba masikio. Alivaa kanga mpya. Tulimsaidia kupanda jukwaani, tukamkalisha kwenye kiti cha dhahabu kilichowekwa juu ya zulia jekundu.

Mheshimiwa Tambarare akahutubia.

"Ndugu wananchi! Tulipopewa uhuru tulikuwa na maswali mia mbili. Waliotutangulia, kwa uvivu wao, wakatuachia yote. Nikasema hapana! Tukashuka hadi kumi. Wenye wivu wakasema hawa watachoka. Tukashuka hadi matatu! Leo, mbele ya wageni wetu, natangaza kwamba tumefika sifuri!" Makofi. "Mataifa makubwa yanawauliza raia wao unaumwa wapi, unaumwa lini, kana kwamba ni wageni wao. Sisi tunawajua wetu! Hakuna serikali duniani inayomjua mgonjwa wake kwa kumuuliza maswali machache kuliko hii!"

Bendi ikapiga. Mfadhili mmoja alikuwa anaandika kwa haraka sana. Kisha Waziri akachukua nishani, akamwendea Mwalimu na kipaza sauti mkononi.

"Na huyu hapa ni mwalimu wangu mwenyewe! Shikamoo, Mwalimu! Habari yako?"

Niliiona mikono ya Mwalimu ikishika kiti.

"Mbaya," alisema.

Lilisikika hadi barabarani. Vipaza sauti vilikuwa vipya.

"Safi kabisa!" alisema Waziri, huku akitafuta pini ya nishani. "Habari za nyumbani?"

"Mbaya, Tambarare. Mwanangu halali kwa ajili yangu. Natapika damu."

"Tunashukuru sana. Na shughuli?"

"Ninakufa."

"Mmesikia, wananchi!" Waziri aliwageukia watu, uso unang'aa. "Kwa umri wake! Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Nilitazama huku na huku nikitafuta uso mmoja uliosikia. Hawakuwa wanajifanya. Salamu ilikuwa imepigwa na majibu yametolewa, nani tena husikiliza majibu? Waziri aliinama kumbandika nishani, na Mwalimu akamtapikia miguuni. Ilikuwa damu, na ilikuwa nyingi. Lakini zulia lilikuwa jekundu, na viatu vya Mheshimiwa navyo vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee kwa heshima ya siku hiyo, basi wapiga picha walipiga tu na mshereheshaji akatangaza kwamba furaha imemzidi.

Daktari Machano alikuwa amekaa safu ya pili. Yeye aliona. Nilimwona akiona. Alifungua ratiba ya sherehe akaanza kuisoma, na nilipomsogelea niligundua ameishika juu chini. Zulia likakunjwa upesi likiwa bichi, kwa sababu lilikuwa la kuazima na lilihitajika saa nane kwenye ufunguzi wa choo cha Bunge.

*

Tulimrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa fundi seremala. Alikaa hadi Jumatano. Zawena alimlaza mapajani, na mara kwa mara alimuuliza hali, na Mwalimu alimjibu ukweli kila mara, unapouma na unavyouma, mpaka sauti ilipokwisha. Hakuna kilichowezekana kufanyika kwa majibu hayo, hapakuwa na dawa wala daktari ndani ya nyumba ile, lakini yalisikilizwa.

Wizara ilitoa taarifa kwamba Mwalimu Sikudhani amefariki dunia akiwa mzima kabisa. Ilimpongeza.

Makaburini alikuja nusu ya mji, wale wote aliowatoa nje kupiga hodi upya. Tulikuwa tumeshateremsha mwili, tumeanza kufukia, gari la Waziri lilipofika. Alishuka na wasaidizi wake na mpiga picha, suti nyeusi, miwani myeusi. Akapita katikati yetu, akasimama karibu na Zawena kwenye ukingo wa kaburi, akaweka uso wa huzuni, akavuta pumzi.

"Hamjambo, ndugu zangu?" alituamkia.

Nimeishi nchi hii maisha yangu yote. Sijawahi kusikia salamu ikaachwa bila kuitikiwa, hata na wafungwa, hata na mahasimu. Nililisikia jibu likipanda kooni mwangu lenyewe. Nilimtazama aliyekuwa kushoto kwangu, na yeye alikuwa ameuma mdomo. Chepe alikuwa ameshika koleo kwa mikono yote miwili na macho yake yako chini. Zawena alikuwa anamtazama Waziri usoni, amefunga kinywa.

Mpiga picha aliteremsha kamera. Waziri alivua miwani, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akakohoa.

"Hamjambo?" alirudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Tukaendelea kufukia.